Kinachochacha Utumboni Hufika Kwenye Figo

Maneno haya niliyasema katika mkutano wa wagonjwa wa sukari, presha na figo pamoja na jamaa zao, ndani ya ukumbi wa kanisa mtaani Manyatta, Kisumu. Walioshindwa kufika waliomba niyaandike. Nimeongeza machache niliyoulizwa baadaye.

Wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliozunguka nyumba kwa nyumba kualika watu: hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka Nyalenda na Nyamasaria, na wapo waliopanda gari alfajiri kutoka Ahero na Maseno.

Nimeombwa nizungumze juu ya chakula na figo. Kliniki mmezoea kuambiwa mambo matatu: punguza chumvi, punguza sukari, meza dawa zako. Yote matatu ni kweli na siyaondoi. Lipo la nne ambalo halisemwi sana, na ndilo lililonileta. Chakula hukili peke yako. Kile kinachobaki baada ya utumbo mwembamba kuchukua chake huteremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanakingoja. Wanakila, na wakishakila wanatoa vitu vinavyoingia kwenye damu yako. Vingine vinakulinda. Vingine vinauharakisha ugonjwa ambao tayari unao. Sehemu kubwa ya kinachoamua ni vipi vitakuwa vingi ni kile ulichowateremshia.

Bakteria hao ni wengi mno. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli na mwenzao walipiga hesabu upya, wakapata kwamba mtu mzima wa kilo 70 hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe. Karibu wote wamo kwenye utumbo mpana. Sizungumzii ile H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ambayo wengi wenu mmepimwa kwenye kemisti. Hiyo hukaa juu, tumboni, na ina habari yake.

Wanachofanya bakteria hawa mnakijua. Ni kuchachusha. Mama anayeloweka unga wa wimbi jioni ili apate uji mkali kesho yake anawapa bakteria kazi ileile. Tofauti ni kwamba huko utumboni hakuna anayechagua unga wala kuonja. Kikishuka chochote, kitachachushwa.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana mambo yanagawanyika hapa.

Kikishuka kile ambacho sisi wenyewe hatuwezi kumeng'enya, yaani nyuzinyuzi za mboga, maganda ya maharagwe na kunde, pumba za mtama na wimbi, bakteria hutengeneza asidi fupi tatu: asetiti, propioneti na butireti. Hiyo butireti ndiyo chakula cha ukuta wa utumbo mpana. Seli za ukuta huo hupata sehemu kubwa ya nguvu zake, karibu asilimia 70, kutoka kwa butireti na si kutoka kwa damu. Zikiipata, ukuta unakazana, na takataka za utumboni hazivuji kuingia mwilini. Asidi hizi pia huchochea utumbo kutoa homoni zinazosaidia kongosho kutoa insulini, na hutuliza ule uvimbe wa ndani kwa ndani ambao hauna maumivu lakini unaharibu mishipa ya damu miaka nenda miaka rudi.

Nyuzinyuzi zisipotosha, bakteria hawalali njaa. Wanageukia protini iliyobaki: nyama, mayai, samaki, hata ute unaofunika ukuta wa utumbo wenyewe. Kutoka kwa triptofani, ambayo ni kipande cha protini, wanatoa kitu kinachoitwa indoli. Kutoka kwa tairosini wanatoa kresoli. Vinaingia kwenye damu, vinabadilishwa njiani, indoli kwenye ini na kresoli hasa kwenye ukuta wa utumbo, na mwishowe vinakuwa indoksili salfeti na kresili salfeti. Mtu mwenye figo nzima hivi hata havimsumbui sana, kwa sababu figo zake zinavitoa kwenye mkojo siku hiyohiyo. Aliyepungukiwa na figo, vinamjaa.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu najua humu ndani kuna familia ambazo mtu wao husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mmekuwa mkijiuliza mbona ametoka kwenye mashine jana na leo bado amechoka. Sababu ziko kadhaa. Mojawapo ni hii. Sumu hizi mbili haziendi kwa miguu ndani ya damu. Zinapanda juu ya protini iitwayo albumini, kama abiria aliyeketi ndani ya matatu. Mashine ina chujio la matundu madogo sana. Urea, ile takataka ya kawaida ya mkojo, ambayo inatembea yenyewe, inapita. Matatu haipiti, na abiria aliye ndani haachi kiti. Figo nzima ina njia ya kumshusha abiria huyo na kumtoa nje, lakini mashine haijui kumshusha. Ndiyo maana baada ya saa zote zile kitandani, karatasi inaweza kuonyesha urea imeshuka vizuri, ilhali indoksili salfeti imeshuka kidogo tu.

Je, tunajuaje kwamba zinatoka kwa bakteria kweli? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walilinganisha wagonjwa wa kusafishwa damu wa aina mbili: wenye utumbo mpana, na wale ambao utumbo wao mpana ulikuwa umeondolewa kwa upasuaji miaka ya nyuma. Wasio na utumbo mpana karibu hawakuwa na sumu hizi kabisa. Figo zao zilikuwa zimekufa vilevile, mashine ilikuwa ileile, lakini mahali pa kuchachushia hapakuwepo. Kwangu mimi huo ndio ushahidi unaoeleweka kuliko wote.

Na je, zinaumiza, au zinapita tu? Huko Japani, mwaka 1994, Toshimitsu Niwa na mwenzake waliwapa indoksili salfeti panya waliokuwa wameondolewa sehemu kubwa ya figo. Figo zilizobaki ziliota makovu haraka kuliko za panya wasiopewa. Mnaona duara hilo? Figo inapungua nguvu, sumu inabaki, sumu inaipunguza figo nguvu zaidi. Tangu hapo imeonekana pia kwamba vitu hivi huharibu utando wa ndani wa mishipa ya damu, na mgonjwa wa figo, kama mnavyojua, mara nyingi hufa kwa moyo kabla hajafa kwa figo.

Wajapani hawakungoja. Tangu 1991 wanatumia dawa ya punje ndogo za kaboni inayomezwa ili ikamate indoli utumboni kabla haijaingia kwenye damu. Wazo zuri sana. Lakini ilipojaribiwa katika nchi nyingi kwa wagonjwa zaidi ya 2,000, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba inachelewesha figo kufa. Nawaambia haya makusudi, kwa maana baada ya mkutano huu atakuja mtu na kopo la unga mweusi, au chai ya kusafisha tumbo, aseme inatoa sumu zilezile alizotaja yule wa kanisani. Mwambieni kwamba waliojaribu vizuri, kwa dawa iliyotengenezwa kwa uangalifu na wagonjwa waliofuatiliwa miaka, hawakupata walichokitafuta.

Kinachoweza kusaidia, na hakihitaji kopo, ni kupata choo vizuri. Tunaona haya kulitaja jambo hili mbele za watu, hasa mbele ya wakwe, lakini leo tulitaje. Choo kikikaa siku tatu au nne utumboni, bakteria wanamaliza nyuzinyuzi kisha wanapata siku nzima za kuchachusha protini. Huko Marekani walifuatilia wanajeshi wastaafu zaidi ya milioni 3, na mwaka 2017 wakaandika kwamba waliokuwa na shida ya kufunga choo walipata ugonjwa wa figo zaidi kuliko wenzao. Hiyo haithibitishi kwamba choo kigumu ndicho kilichoua figo. Lakini mgonjwa wa figo ana kila sababu ya kufunga choo: ameambiwa apunguze maji, anameza vidonge vya madini ya chuma, anameza vya kuzuia fosfeti, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, na ameogopeshwa mboga. Kwa hiyo mwambie daktari wako. Sema, "Daktari, sijapata choo tangu Jumanne." Ni habari ya maana sawa na kipimo cha presha.

Juu ya nyama nyekundu nitapita haraka. Nyama ina kanitini, na mayai na maini yana kolini. Bakteria hutengeneza humo gesi moja ambayo ini huigeuza kuwa kitu kinachoandikwa kwa kifupi TMAO. Stanley Hazen na wenzake wa Cleveland Clinic ndio waliolileta jambo hili mezani mwaka 2011, na mwaka 2013 wakaripoti habari za watu 4,007 waliofuatiliwa kwa miaka 3: waliokuwa na TMAO nyingi walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo zaidi. Wapo wanaobisha, na wana hoja. TMAO hutolewa na figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu atakuwa nayo nyingi hata asipogusa nyama. Tena samaki wa baharini wana TMAO yao tele, na hatujaona walaji wa samaki wakianguka kwa moyo kwa sababu hiyo. Maoni yangu: nyama ya sikukuu haina neno. Nyama ya kila siku, na sahani isiyo na jani wala nafaka nzima, ndiyo inayonitia wasiwasi.

Wenye sukari pia wamo. Mwaka 2018 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha kwamba bakteria wa baadhi ya wenye sukari hugeuza haistidini, kipande kingine cha protini, kuwa imidazoli propioneti, na kitu hicho huzuia insulini kusikilizwa na seli. Na metfomini, ile dawa ya sukari mnayoijua nyote, sehemu ya kazi yake inafanyika hukohuko kwa bakteria.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii, aliandika katika jarida la Lancet kwamba katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka 2 hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Hata mmoja! Hao ni babu zetu. Miaka sitini baadaye, mwaka 1990, ukatangazwa utafiti mwingine uliowafuata vijana wa Kijaluo kutoka vijiji vya karibu na ziwa hadi Nairobi. Presha zao zilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kuhama, na mkojo wao ukaonyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo kuliko walivyokuwa nyumbani. Na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu.

Damu ya ukoo haibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni maisha: chumvi, uzito, kukaa kitako, mawazo ya kodi na karo. Sitaki mtu atoke hapa akisema kwamba bakteria ndio wenye lawama zote. Ila wamo ndani ya hadithi. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani waliwalisha panya chumvi nyingi, na jamii ya bakteria iitwayo laktobasili ikapungua sana, na presha ikapanda. Walipowarudishia laktobasili, presha ilipungua makali.

Na mabadiliko hayahitaji miaka. Mwaka 2015 ilitangazwa kazi ambayo huwa naisimulia kila ninapopata nafasi. Walichukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa mashambani Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki 2. Wamarekani wakala mlo wa kijijini wenye gramu zipatazo 55 za nyuzinyuzi kwa siku, na Waafrika wakala chipsi na hambaga, gramu 12 hivi. Butireti ya Wamarekani ikapanda mara mbili na nusu. Ya Waafrika ikaanguka kufikia nusu, na ukuta wa utumbo wao ukaanza kuonyesha dalili za uvimbe. Wiki 2 tu.

Kwa hiyo nikiingia jikoni kwenu naangalia unga kwanza. Unga mweupe wa pakiti umepoteza pumba na kiini. Unga wa posho mili usiokobolewa bado unavyo, na ukichanganya mtama na wimbi, ile kuon, yaani ugali, nyekundu ambayo vijana wanaiita ya wazee, unawapa bakteria kazi njema. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ni chakula bora kuliko mkate na maji ya soda, na ni nafuu. Ugali uliolala, ule wa kula na chai asubuhi, una wanga uliogeuka ukawa mgumu kumeng'enywa, na wanga huo unafika kwa bakteria. Usiuonee haya. Mboga zetu za kienyeji, osuga, akeyo, apoth na mito, ziko soko la Kibuye siku zote, na huhitaji kuzipika kwa mafuta nusu kikombe.

Dawa nazo. Kila mafua, watu wanaenda kemisti kununua antibayotiki tano tano bila kuandikiwa. Haziui mafua, kwa sababu mafua si ya bakteria. Zinaua wale wanaotengeneza butireti, na kurudi kwao kunaweza kuchukua miezi. Na sindano ya diklofena, dawa ya maumivu, ya mgongo kila wiki haiwahusu bakteria, lakini figo inaihusu sana, kwa hiyo naitaja palepale.

Hapo nisimame niseme jambo kwa sauti. Yote niliyosema juu ya mboga na nafaka ni kwa mwenye figo zinazofanya kazi. Ambaye figo zake zimeshuka sana, na yule wa mashine, asitoke hapa akapike sufuria ya osuga. Mboga hizi zina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi kwenye damu inausimamisha moyo. Mama mmoja wa safu ya pili aliniuliza swali hili kabla hatujaanza, kwa ajili ya mumewe, nami nikamwahidi kulijibu mbele ya wote.

Mama, iko hivi. Kata mboga ndogo ndogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji yale yote. Usiyatie kwenye mchuzi wala usimpe mtu anywe. Kisha pika upya kwa nyanya kidogo sana. Usilainishie kwa magadi, hayo ni sodiamu, ileile ya chumvi. Na yale maji ya majivu ambayo huku kwetu tunachuja kutoka kwa maganda ya maharagwe, ambayo wengi wanaona ni salama kwa kuwa ni ya kienyeji, yamejaa potasiamu. Kwa mgonjwa wa figo hayo ni hatari kuliko chumvi ya dukani. Hata ile chumvi maalumu inayouzwa kwa wenye presha, mara nyingi ni potasiamu. Akipewa mboga iliyomwagwa maji, iwe kiasi anachokubaliwa na mtaalamu wa lishe aliyeona kipimo chake cha potasiamu cha hivi karibuni, si cha mwaka jana. Nyuzinyuzi nyingine anaweza kuzipata kwenye kabeji, na asikatazwe mboga zote moja kwa moja, kwa sababu hapo ndipo choo kinapofunga na zile sumu za matatu zinaongezeka.

Kijana mmoja aliuliza kama haya yamechunguzwa kwa watu wetu au ni ya Wazungu. Swali la haki. Mengi yamefanywa kwa Wazungu na panya. Lakini mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha kazi ya wanasayansi wa Kiafrika na wenzao juu ya wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Wa Kenya walitoka Nairobi. Walikuta bakteria wengi ambao hawakuwa wameorodheshwa popote duniani. Ningependa kuona kazi ya namna hiyo hapa kando ya ziwa, na ikija, ikaomba vipimo vya choo, msiwafukuze. Ulizeni maswali, someni karatasi ya ridhaa, kisha muamue.

Na omena, dagaa wetu wa ziwani? Ni chakula kizuri, sikatai. Lakini huliwa na mifupa yake, na mifupa ni fosfeti. Mwenye figo dhaifu apime kwa kijiko, si kwa bakuli.

Meza iliyo karibu na mlango ni ya kupima presha. Wenye sukari na presha ambao hawajawahi kupimwa albumini kwenye mkojo, andikisheni majina kwa mhudumu wa afya wa mtaa wenu kabla hamjaondoka. Kriatinini, kile kipimo cha figo cha damu, inaweza kuonekana ya kawaida hadi karibu nusu ya nguvu ya figo iwe imekwenda, lakini mkojo husema mapema. Waliokuja na karatasi za vipimo vya figo wabaki nami hapa mbele, tuzisome moja moja.